Tukienda Zanzibar kuzungumza fasihi, nani anabaki bara?

Tangazo la kongamano la fasihi likitaja Zanzibar, hufurahi kabla sijafika mstari wa pili. Mahali penyewe panastahili. Mwaka 1928, wajumbe walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kujengea Kiswahili Sanifu, waliichukua ya Unguja. Pemba nayo ndiko walikotungia Kamange na Sarahani, na mpaka leo mashairi yao ya karne ya 19 yanatuonyesha namna watu wawili wanavyoweza kujibizana kwa beti. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ilikwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. Kwa hiyo sina neno na mahali. Nina neno na tarehe, na saa ya kufungua, na barua za mwaliko, na kila kitu kingine kinachoamua nani atavuka bahari na nani atabaki kusoma ratiba kwenye simu yake.

Safari hizi tunazipanga kana kwamba kila mshiriki ana chuo kinachomlipia. Profesa analipiwa nauli, malazi na posho. Mtafiti mwenye ufadhili anakata tiketi ya ndege siku yoyote anayotaka. Lakini nusu ya fasihi yetu inaandikwa na watu wasio na taasisi nyuma yao: mwalimu wa sekondari anayetunga tamthilia za wanafunzi wake, mshairi anayesikika redioni kila Jumamosi, binti anayechapisha hadithi kwa sehemu kwenye WhatsApp na wasomaji wake wanamlipa kwa simu. Hawa tunawachambua ukumbini wakiwa hawapo. Nimeshakaa kwenye kikao ambapo watu wanne walisoma makala kuhusu waandishi chipukizi, na mwandishi chipukizi humo ndani hakuwepo hata mmoja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nianze na tarehe, maana ndiyo inayobeba mengine yote. Makongamano ya lugha na fasihi yanapenda sana Desemba, na sababu zake nazielewa. Shule zimefungwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa wakati mmoja, na wenzetu wanaofundisha Kiswahili Ulaya na Marekani wanarudi nyumbani kwa mapumziko. Kwenye karatasi hakuna mwezi mzuri kuliko huo. Ila Desemba ndio mwezi ambao kisiwa hakina nafasi. Wazungu wamekimbia baridi yao, familia za Dar na Nairobi zimeamua kula mwaka mpya ufukweni, na chumba ulichoulizia bei Oktoba kinapokaribia Krismasi kina bei nyingine kabisa.

Na hiyo ni bahari tu. Mwalimu wa Rombo au Arusha ana shida ya pili, ya barabarani. Kushuka Dar katikati ya Desemba ni rahisi, mabasi yanakuja na viti vitupu. Kurudi ndiyo kazi. Wachaga wote waliotawanyika mjini wanapanda kwenda kula Krismasi nyumbani, tiketi za Moshi zinakwisha mapema, na wapiga debe wa stendi wanakutajia nauli huku wakiangalia pembeni. Mtu aliyekwenda kusoma shairi la dakika kumi analala Dar siku mbili akisubiri kiti. Mwakani haendi tena.

Mimi ningeweka kongamano mwanzoni mwa Juni. Shule za Tanzania zinakuwa zimefungwa, masika imekwisha, kipupwe kimeingia, na msimu wa watalii haujapamba moto. Huo wenyewe ni Julai na Agosti. Mwenye nyumba ya wageni wiki hiyo anasikiliza bei ya kundi. Ramadhani nayo, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa sasa inaangukia karibu na Februari na Machi, hivyo Juni hatutawaweka wenyeji katika hali ya kuhudumia chai ukumbini huku wamefunga. Najua walimu wa Kenya na Uganda wanakuwa darasani mwezi huo. Kwao, kongamano lianze Alhamisi mchana na kumalizika Jumamosi, ili waombe ruhusa ya siku chache tu. Na Ijumaa, kuanzia saa 6 mchana, ratiba iache nafasi ya kweli ya swala. Kubana kikao cha mwisho hadi saa 6 na nusu halafu watu watoke mbio kwenda msikitini si adabu katika mji ule.

Juni ina lawama yake, nayo ni kusi, upepo utokao kusini. Bahari ya Juni si bahari ya Januari. Boti ya haraka kutoka Dar inachukua kama saa mbili, na mara ikishatoka mlango wa bandari, ikaacha nyuma majengo ya Kivukoni, unaanza kuona nani amezoea na nani hajazoea. Mazungumzo yanapungua. Mhudumu anapita kati ya viti na mifuko ya plastiki, hasemi kitu, anampa yule aliyenyamaza ghafla. Ushauri wangu kwa anayevuka mara ya kwanza: kaa ghorofa ya chini, katikati au nyuma, ambako boti hairuki sana, achana na supu ya asubuhi, kula mkate mkavu, tazama nje mbali, usitazame simu wala kuhariri wasilisho lako humo.

Lakini upepo si wa kuzungumzwa kwa wepesi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejazwa watu kupita kiasi. Julai 2012 Skagit, iliyotoka Dar, ilipinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jina la kutaja katika mambo hayo. Kwa hiyo waandaaji waweke nafasi katika ratiba: mamlaka zikisimamisha safari kwa siku moja, msomaji wa Ijumaa asome Jumamosi, na asiwepo mtu wa kumpigia simu kumwuliza yuko wapi. Ratiba isimsukume mtu baharini.

Hapo hapo nitaje saa ya kufungua. Tumezoea ufunguzi wa saa 3 asubuhi kwa sababu mgeni rasmi anapenda asubuhi. Anayetoka Dar kwa boti ya kwanza hawezi kuuwahi, kwa hiyo inambidi avuke jana yake na kulipia usiku mmoja zaidi. Ufunguzi ukiwa saa 8 mchana, mtu huyo anatoka kwake alfajiri, anafika bandari ya Malindi mjini Unguja asubuhi, anafika ukumbini akiwa amekula. Tangu treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, hata wa Morogoro na Dodoma wanaweza kushuka Dar jioni wakalala kwa ndugu. Kubadilisha saa ya kufungua kwenye ratiba hakumgharimu mwandaaji chochote, na kunamwokolea mshiriki bei ya chumba.

Kuna wanaotoka mbali zaidi, nao ndio ninaowapenda sana katika makongamano haya kwa sababu wanatukumbusha kwamba Kiswahili kina pande nyingi. Fikiria mtunzi wa Lubumbashi. Kwa basi anapita Kasumbalesa, anakata Zambia, anaingia Tunduma, ndipo aanze kuitafuta Dar. Anabeba muswada wenye Kiswahili chake, chenye Kifaransa ndani, ambacho baadhi yetu wa pwani tunakisikiliza kwa kukunja uso badala ya kukunjua masikio. Mtu huyu akifika mpakani bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, safari inaweza kuishia pale. Chanjo inatakiwa ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake sasa kinadumu maisha. Tena tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa mtalii hizo ni hela za chakula cha jioni. Kwa mwandishi anayejilipia ni mzigo, na ni kosa aje kuujua bandarini. Haya yote yaandikwe kwenye barua ya mwaliko: cheti, bima, siku zake, bei yake, na kama kamati itamlipia au la.

Na barua yenyewe ije mapema. Mwalimu wa serikali hawezi kuondoka kituoni kwa kuonyesha ujumbe wa WhatsApp. Anahitaji barua yenye nembo, muhuri na tarehe, aipeleke kwa mkuu wa shule, ipande hadi halmashauri, isubiri mezani kwa mtu ambaye naye yuko safarini. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ikikubaliwa, barua itoke ndani ya wiki mbili. Nimeona mwenzangu akipokea yake siku tatu kabla ya ufunguzi, na alikuwa na makala nzuri kuliko nyingi nilizozisikia mwaka ule.

Ada ya ushiriki nayo tuitazame upya. Kawaida kuna bei ya washiriki wa Afrika Mashariki, ya wa nje na ya wanafunzi. Naomba iwepo ya nne, ya watunzi wasio na taasisi, na malipo yake yawe kusoma kazi zao. Jioni moja nzima iwe yao, si dakika tano za burudani kati ya mada na chakula.

Malazi? Msiwapeleke watu Nungwi au Paje. Ufukwe ni mzuri, nakubali, lakini ni saa nzima au zaidi kutoka mjini, na kinachoongelewa pale jioni ni menyu. Laleni Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe: Kikwajuni, Michenzani, Amani. Vyumba ni vya bei ya kawaida, daladala za Darajani zinapita, asubuhi unapata chai ya maziwa na mkate wa ufuta, na mama anayekuuzia atakukaribisha kwa Kiswahili ambacho wewe uliyesoma isimu miaka minne utatamani kukiandika kila neno. Jioni shukeni Mji Mkongwe, mkae barazani kwa muuza kahawa. Wazee wa pale wanaijua mipasho ya taarabu ya tangu enzi za Siti binti Saad, na wanajua nani aliambiwa nini. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanza mwaka 1905, bado ipo. Mtu anayetaka kuzungumzia ushairi wa pwani akapita Unguja bila kusikia udi ukipigwa mbele yake, sijui alikwenda kufanya nini.

Ukiweza, ongeza siku moja. Chukua daladala hadi Makunduchi ukasikilize Kikae, lahaja ya kusini ya kisiwa, uone kama utafuata mazungumzo ya watu wawili wazima bila kuomba warudie. Au nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, lakini andika kuomba kibali kabla hujaondoka kwako; kibali cha utafiti ukianza kukifuatilia baada ya kufika, siku zako zitaishia kwenye viti vya kusubiria. Na njoo na vitabu vyako. Ndege ndogo nyingi zinakuwekea kilo 15 na hapo maboksi hayaingii, ila boti ina huruma zaidi kwa mizigo, na hamali wa Malindi atakubebea mpaka kwenye teksi mkipatana bei kwanza. Waandaaji nao watoe meza ya kuuzia bila kutoza. Kuna wasomaji pale wanaokuja na hela mfukoni na kuondoka nazo kwa sababu mwandishi alileta nakala mbili, zote za kugawa kwa wakubwa.

Jambo la mwisho ni Pemba, na hili nalisema kwa uzito. Tunasema Zanzibar tukimaanisha Unguja, na mara nyingi tukimaanisha Mji Mkongwe tu. Wapemba wametupa washairi na waandishi wa riwaya tunaowasoma madarasani, kisha tunawataka wao ndio wavuke kuja kutusikiliza tukiwaeleza. Mwaka mmoja tukutane Unguja, mwaka unaofuata Chake Chake. Ndege ni kama nusu saa, boti inashusha Mkoani au Wete, na mashamba ya mikarafuu yapo njia nzima. Itagharimu zaidi, ndiyo, na ndiyo sababu tarehe itangazwe mapema. Tangazo la kongamano la Juni likitoka mwanzoni mwa Januari, mwalimu ana mishahara mitano ya kukusanyia nauli.