Imamu wa serikali, imamu wa mtaa

Nikirudi Mombasa, barazani sikosi kuambiwa Waturuki waliitupa dini siku moja, Atatürk, rais wao wa kwanza, alipoamka akafuta kila kitu. Mimi naishi Istanbul na nakataa. Kazi ile waliianza masultani wenyewe, huku wakiitwa makhalifa.

Mwaka 1826 Sultani Mahmud II aliunda idara kuu ya wakfu, na mapato yaliyokuwa yakilisha misikiti na madrasa yakaanza kupitia serikalini. Mwaka 1829 akawavika makarani wake tarbushi, vilemba wakabaki navyo masheikh. (Tarbushi hiyohiyo ikaja kupigwa marufuku 1925 kwamba ni ya kishamba!) Sheria ya biashara ikaigwa Ufaransa 1850, ya jinai 1858. Kisha Ahmed Cevdet Pasha na wenzake wakaipanga fikihi (sheria za dini) ya madhehebu ya Hanafi katika vifungu 1,851, kazi iliyokamilika 1876 na kuitwa Mecelle. Humo mna kuuziana, kukodishana, dhamana, ushahidi. Ndoa na mirathi hamna. Hayo aliachiwa kadhi.

Mpwani gani asiyeijua hali hiyo? Mwingereza alipotutawala alifanya vivyo hivyo, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, bado inamwachia kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kwenda kwake. Kadhi wa Istanbul wa 1880 angekaa na wa kwetu leo wakaelewana vizuri tu. Ila wao mahakama zao zilifungwa 1924, na 1926 ikaja sheria ya Uswisi: mtoto wa kike na wa kiume sawa katika mirathi.

Mwaka huohuo wa 1924 ikaundwa Diyanet, idara ya serikali ya mambo ya dini, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea. Dola haikujitenga na msikiti, iliuajiri. Imamu wa mtaani kwangu ni mtumishi wa serikali. Ijumaa anasoma khutba kwenye karatasi iliyotoka juu, na msikiti wa pili wanasoma ileile. Msikiti msafi, maji ya kutawadha ya moto, simlaumu. Lakini mimi nimelelewa na imamu wa Majengo, Mombasa, anayepanda mimbari akasema taka hazijazolewa na unga umepanda, na riziki yake inatoka kwa jamaa. Akiwaudhi wazee wa kamati ataondoka, ila si kwa simu ya waziri.

Kwa hiyo wanaotaka serikali yetu ilipe maimamu "kama Uturuki", mimi simo.

Ninachowaonea wivu Waturuki ni utekelezaji wa hukumu. Shangazi yangu ana hukumu ya kadhi mkononi, fungu lake katika nyumba ya babu limeandikwa wazi. Hati wanayo ami zangu, na kodi wanakula wao. Mwendee yeye na habari za mishahara ya maimamu, uone atakavyokujibu.