Wake wa kigeni wa Sulemani wamesingiziwa vya kutosha

Mahubiri juu ya anguko la Sulemani nayajua mwanzo hadi mwisho. Mfalme aliomba hekima badala ya mali, akajenga hekalu, kisha wakaja wanawake wa kigeni, wake 700 na masuria 300, wakamgeuza moyo uzeeni. Akina mama wanaonywa wasiwe kama hao, vijana wanaonywa wasioe nje. Nasema wazi kwamba mahubiri hayo yanaonea watu, na mmoja wa wanaoonewa tunalijua jina lake: Naama.

Naama ni mama yake Rehoboamu, aliyemrithi Sulemani. Wafalme wa Kwanza sura ya 14 inamtaja katika mstari wa 21 na tena katika wa 31, na mara zote mbili inaeleza kwao: Mwamoni. Wafalme wa Yuda, isipokuwa wachache sana, hutajiwa mama zao wanapoanza kutawala, kwa kuwa mama wa mfalme katika nyumba ya Daudi alikuwa mtu mkubwa. Sulemani mwenyewe alisimama kumlaki mama yake Bathsheba, akamwinamia, akaagiza aletewe kiti, akamketisha mkono wake wa kuume. Baadaye mfalme Asa wa Yuda alimvua Maaka, mama wa mfalme, umalkia kwa sababu ya sanamu ya Ashera, na mtu havuliwi cheo asichokuwa nacho.

Sasa tupige hesabu. Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41. Sulemani alitawala miaka 40. Basi mtoto huyu alizaliwa kabla baba yake hajakaa kwenye kiti cha enzi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ina mahali inapompa Rehoboamu miaka 16, lakini maandiko ya Kiebrania yanasema 41, katika Wafalme na katika Mambo ya Nyakati pia. Kwa hesabu hiyo Naama alikuwa ameshamzalia Sulemani mwana kabla ya ile ndoto ya Gibeoni alipoomba hekima, kabla ya jiwe la kwanza la hekalu, kabla binti Farao hajaletwa Yerusalemu. Kama ugeni wa mke ndio unaomharibu mfalme, mbona miaka ya hekima yote ilipita na mke mgeni akiwa tayari yumo nyumbani?

Hapa ndipo ninapoguswa zaidi. Kumbuka vita vya Daudi na Waamoni. Yoabu, jemadari wa Daudi, aliuzingira Raba, mji wao mkuu, ambao leo ni Amman huko Yordani. Daudi akabaki Yerusalemu, akamwona Bathsheba akioga, na mumewe Uria akauawa mbele ya kuta za mji uleule, kwa barua aliyoibeba mwenyewe. Raba ukatekwa, taji likachukuliwa, watu wakatiwa kazini kwa misumeno na mashoka. Kisha mwana wa Bathsheba akaoa binti wa Kiamoni. Hebu fikiria mkwe na mkaza mwana hao ndani ya nyumba moja: mmoja ameachwa mjane na vita vile, mwingine ametoka katika taifa lililoshindwa. Maandiko hayasemi walizungumza nini, nami sitawatungia maneno. Lakini sioni jinsi mhubiri anavyoweza kuyapita haya mbio ili afike kwenye onyo la kuoa mataifa.

Ndoa hizo zilikuwa mikataba ya nchi na nchi. Farao alipomtoa binti yake aliuteka Gezeri, akauchoma moto, akawaua Wakanaani waliokaa humo, akampa binti mji huo uwe zawadi ya kuolewa. Maaka mwingine, mke wa Daudi na mama yake Absalomu, alikuwa binti Talmai mfalme wa Geshuri, na Absalomu alipomuua ndugu yake Amnoni alikimbilia huko kwa babu yake, akakaa miaka mitatu. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba mabinti hawa waliulizwa.

Na mashtaka yenyewe yasome polepole. Ni kweli Wafalme wa Kwanza sura ya 11 inasema wake walimgeuza moyo. Sifuti mstari huo. Lakini aliyemjengea Kemoshi, mungu wa Wamoabi, mahali pa juu pa ibada ni nani? Sulemani. Bwana alimkasirikia nani? Sulemani. Ufalme uliraruliwa kwa kosa la nani? Lake. Sheria ya Kumbukumbu la Torati 17 inayokataza kujizidishia wake imeelekezwa kwa mfalme. Karne kama tatu baadaye mfalme Yosia wa Yuda anapopanajisi mahali pale, mwandishi bado anasema palijengwa na Sulemani mfalme wa Israeli.

Yezebeli, mke mgeni wa mfalme Ahabu wa Israeli, simtetei. Aliwaua manabii, na barua zilizomwangamiza Nabothi, mwenye shamba la mizabibu, aliziandika yeye kwa jina la Ahabu. Ninachokataa ni kumfanya fimbo ya kumchapia kila mwanamke anayepaka wanja au anayesema kikaoni. Wanja wake unatajwa siku moja tu, siku ya kufa kwake, Yehu alipoingia Yezreeli. Na kwa Nabothi, nabii Eliya alitumwa kukutana na Ahabu, akamuuliza yeye kama ameua na kumiliki.

Wanaoona shida yote ni ugeni wanijibu kuhusu Manase, mfalme wa Yuda. Alijenga madhabahu za mabaali, akampitisha mwanawe motoni, akaijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Mama yake aliitwa Hefziba, na hatuambiwi popote kwamba alikuwa mgeni.

Kwa upande wa baba, Rehoboamu alitoka kwa Ruthu Mmoabi. Ruthu tunamwimbia, tunawapa mabinti zetu jina lake, na tunafanya vizuri. Mathayo naye anapoorodhesha ukoo wa Yesu anamtaja Ruthu, anamtaja Rehoboamu, na mama yake Rehoboamu anamruka. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayefika kwenye orodha ile angeweza kusimama hapo, awaambie watoto kwamba mama wa mfalme huyu aliitwa Naama, Mwamoni, na kwamba imeandikwa.