Watan: zizi, mji au dola?

Neno la Kiarabu watan hufasiriwa "nchi" au "taifa", na mara nyingi mfasiri hupita salama. Linalobishaniwa ni kama maana hiyo ya dola ni yake tangu asili, au imepachikwa juzi.

Wanaosema imepachikwa huanzia kwenye Lisan al-Arab, kamusi ya Ibn Manzur aliyefariki 1311. Humo watan ni mahali mtu anapokaa, na awtan (wingi wa watan) za mbuzi na ng'ombe ni mazizi yao. Mpaka wala bendera hakuna. Ndipo karne ya 19 Rifa'a al-Tahtawi wa Misri akalitwika mzigo wa neno la Kifaransa patrie, nchi ya mtu anayoipenda.

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inawaunga mkono, maana hulitumia neno hili kuamua kama msafiri apunguze swala. Kwa Wahanafi, mojawapo ya madhehebu ya fiqhi, watan asli ni pale mtu alipozaliwa, alipooa, au alipohamia moja kwa moja. Watan al-iqama ni pale msafiri aliponuia kukaa siku 15 au zaidi. Hii huvunjika akishasafiri, ile ya asli haivunjwi na safari. Kinachopimwa ni mji, si nchi. Mashafii, madhehebu nyingine, waliojaa pwani yetu, wanahesabu siku 4, bila ya kufika na ya kuondoka. Kwa hiyo Mshafii wa Mombasa aliyenuia siku 10 Istanbul huswali kamili, na Mhanafi waliyefuatana huswali kasri, yaani kwa kupunguza rakaa.

Upande wa pili hujibu kwamba mapenzi ya watan ni ya kale, na ni kweli: risala inayonasibishwa na al-Jahiz wa karne ya 9 inahusu kuzitamani awtan. Lakini silaha yao kubwa, hadithi isemayo "kupenda watan ni sehemu ya imani", ndiyo butu zaidi. Mwandishi Butrus al-Bustani wa Beirut aliifanya kaulimbiu ya jarida lake al-Jinan mwaka 1870, ilhali mwanazuoni al-Saghani alishaihesabu miongoni mwa hadithi za kutungwa. Kutamani nyumbani, kwa maoni yangu, hakuthibitishi dola. Mtu hulilia mtaa wake pia.

Basi litazamwe kwa jirani zake, yaani maneno yaliyo karibu nalo. Lebanon, tawtin ni kuwapa wakimbizi wa Kipalestina makazi ya kudumu, na dibaji ya katiba inaikataa. Falme za Kiarabu, tawtin hiyohiyo ni kuajiri wenyeji. Mustawtana ni makazi ya walowezi. Wataniyya ni uzalendo wa nchi moja, qawmiyya ni ule wa Waarabu wote; ukiyaita yote "uzalendo", mabishano ya Cairo ya miaka ya 1950 hayaeleweki kabisa.

Mtego mbaya zaidi umo kwetu. "Taifa" tumelitoa kwenye ta'ifa, ambayo kwa Kiarabu cha leo ni kundi la dini au madhehebu. Mswahili akiandika Kiarabu ta'ifati, akikusudia "taifa langu", Mlebanoni atasoma "madhehebu yangu", na huenda akamuuliza ni yapi.