Suluhu Iliyolipwa na Anthony Burns

Kila mazungumzo yakifika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865, hakosekani mtu wa kusema vingeepukika kama wanasiasa wa wakati ule wangekaa chini, kila upande ukalegeza kamba kidogo. Juzi nimeyasikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu wangu wa zamani wa historia, mtu ninayemheshimu sana. Sikumjibu mbele za watu. Namjibu hapa: Mwalimu, shikamoo. Walikaa chini. Walikaa chini kwa miaka 40, na kila walipolegeza kamba, aliyefungwa nayo ni mtu ambaye hakualikwa kikaoni.

Mwaka 1820 walichora mstari kwenye ramani ya maeneo mapya ya magharibi, latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30: kusini yake utumwa ruksa, kaskazini yake marufuku, isipokuwa Missouri. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi likaamua kwamba ombi lolote la wananchi linalotaja utumwa liwekwe kando bila kujadiliwa. Kanuni hiyo ilidumu hadi 1844, na aliyeipinga bila kuchoka ni John Quincy Adams, rais mstaafu aliyerudi bungeni kama mbunge wa kawaida. Kisha 1850 wakaafikiana tena. California iingie kama jimbo lisilo na utumwa, na Kusini, yaani majimbo yenye utumwa, nako wapewe sheria mpya ya kuwarudisha watoro.

Neno mtoro sisi watu wa pwani tunajua lilikopita. Kabla ya kuwa la mwanafunzi anayekimbia vipindi, lilikuwa la mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Sheria hiyo ya 1850 inafaa kusomwa taratibu. Kesi ya mtoro iliamuliwa na kamishna peke yake. Mshtakiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Raia yeyote angeweza kuamriwa asaidie kumkamata, na aliyemficha alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Halafu kuna malipo ya kamishna: akiamua mtu arudishwe utumwani analipwa dola 10, akimwachia huru analipwa dola 5. Watetezi wa sheria hiyo walieleza kwamba kumrudisha mtu kuna makaratasi mengi zaidi. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila mara linanichefua.

Anthony Burns alikuwa kijana wa takriban miaka 20. Alitoroka Richmond, Virginia, akiwa amejificha ndani ya meli, akafika Boston, Massachusetts, jimbo la Kaskazini lisilo na utumwa, na kupata kazi kwenye duka la nguo. Kilichomponza ni barua. Alimwandikia ndugu yake aliyebaki utumwani, akaipitishia Canada ili isijulikane imetoka wapi, lakini ndani, juu ya karatasi, alikuwa ameandika Boston. Barua ikaangukia mikononi mwa wenye watumwa. Jioni ya tarehe 24 Mei 1854, akitoka kazini, akakamatwa kwa kisingizio kwamba ameiba kwenye duka la vito. Alipofikishwa mahakamani akamkuta bwana wake, Charles Suttle, anamsubiri.

Siku mbili baadaye umati ulijaribu kuvunja mlango wa mahakama kumtoa, na mlinzi mmoja akauawa. Rais Franklin Pierce akatuma simu ya maandishi kwamba gharama yoyote ya kutekeleza sheria ilipwe. Tarehe 30 Mei, wakati Burns yuko kizuizini, rais huyohuyo akatia saini sheria ya Kansas na Nebraska iliyoufuta mstari wa 1820. Yaani Kusini walipewa mtu wao, na ule mpaka waliokubaliana ukafutwa, ndani ya wiki hizo hizo mbili. Tarehe 2 Juni Burns akapelekwa bandarini katikati ya askari na mzinga, watu wapatao 50,000 wakiwa barabarani, majengo yametandikwa vitambaa vyeusi, na jeneza limening'inizwa juu ya njia likiwa na neno "Uhuru".

Amos Adams Lawrence, mfanyabiashara tajiri wa vitambaa mjini humo, aliandika kwamba walilala wakiwa watu wa suluhu na mambo ya kale, wakaamka wapinga utumwa wenye wazimu. Wengi hunukuu maneno hayo kwa sifa. Mimi huuliza kwa nini walikuwa wamelala. Viwanda vya Massachusetts vilifuma pamba iliyovunwa na watumwa wa Kusini, basi suluhu ilikuwa na faida yake. Na sisi hatukuwa mbali. Kitambaa ambacho bibi yangu aliendelea kukiita merikani kilifika Unguja kwa meli za Salem, bandari ya Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 na Seyyid Said, kikapelekwa bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu, na kwa watu pia. Mtumwa kavuna, na kwa nguo hiyohiyo mtumwa mwingine kanunuliwa.

Wapo pia wanaosema Kusini walipigania haki za majimbo. Basi waitazame Boston ile. Nani alileta askari ndani ya jimbo lisilotaka utumwa? Serikali kuu, na Kusini ndio waliodai hivyo. Mwaka 1855 Massachusetts ikatunga sheria yake ya kuwakinga watu kama Burns. Tamko la South Carolina, jimbo la Kusini, la Desemba 1860, la kueleza kwa nini inajitoa katika Muungano wa Marekani, linayalalamikia majimbo ya Kaskazini kwa sheria za namna hiyo, na linalalamika kwamba New York hairuhusu hata mtu apite na mtumwa wake. Mkuki kwa nguruwe.

Kati ya sheria ile ya 1855 na tamko hilo kulikuwa na mwaka 1857, Jaji Mkuu wa Marekani, Roger Taney, alipoandika katika hukumu ya kesi ya mtumwa Dred Scott kwamba mtu mweusi alihesabiwa kuwa hana haki yoyote ambayo mzungu analazimika kuiheshimu. Mwalimu, nionyeshe katikati ya hapo ni wapi. Mwaka 1860 waliokuwa utumwani walikaribia milioni 4, na hakuna hata mmoja aliyepiga kura juu ya suluhu yoyote kati ya hizo.

Burns alifungwa pingu miezi kadhaa kwenye gereza la watumwa Richmond, akauzwa kwa dola 905, kisha Mchungaji Leonard Grimes na kanisa lake la watu weusi Boston wakachangisha dola 1,300 kumnunua awe huru. Alisoma katika chuo cha Oberlin, akawa mchungaji huko St. Catharines, Canada, na akafariki Julai 1862. Sheria iliyomrudisha ilifutwa Juni 1864.