Kiti Kimoja na Mama Mkwe

Sisi Wabukusu mama mkwe hatumpi mkono. Hatubanani naye kitini, na tukikutana njiani kila mtu hutafuta upande wake wa majani. Ni heshima, si chuki. Haya, kamweleze hayo makanga anayesaka abiria.

Nilipanda matatu ya Webuye pale Kisumu, nikajibana dirishani kiti cha nyuma. Tangu sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, za 2004, gari kama hilo hubeba abiria 14, lakini makanga wetu alikuwa na hesabu zake. Tulipofika Chavakali mlango ukafunguliwa, akaingia mama mwenye leso kichwani na kuku kwapani. Moyo ukanilipuka. Mama mkwe!

"Mathe, pita nyuma, kuna nafasi kando ya huyo jamaa."

Nikainuka nishuke, nikagonga kichwa kwenye paa. Gari likang'oka. Mama akatua kando yangu, bega kwa bega. Yeye akakodolea macho mbele, mimi dirishani.

"Makanga," akasema, "mwambie huyo mtu asogee."

"Makanga, mwambie mama gari limeishia hapa."

Kimya. Kisha: "Makanga, muulize kama watoto ni wazima."

"Mwambie ni wazima. Kadogo kanaota meno."

Makanga akatutazama, akasahau hata kudai nauli. Mzee mmoja mgeni wa mambo yetu akageuka na uso wa huruma. "Wanangu, ndoa ina mabonde. Kijana, mwombe mkeo msamaha. Na kuoa aliyekuzidi umri si dhambi."

Gari lilipasuka kwa vicheko. Wabukusu waliokuwemo walipigana makofi mgongoni, mwingine akalia machozi kabisa. Mama akajifunika uso kwa leso kwa mikono yote miwili, na kuku, kuona amesahauliwa, akarukia mapajani mwangu.

"Makanga, mwambie mama kuku wake huyu hapa."

"Mpe mwenyewe, bwana!" mzee akafoka. "Mnaona? Kiburi hiki ndicho kinachovunja nyumba!"

Malava, mama akagonga bati. "Shukisha!" Webuye bado ilikuwa mbali. Akashuka bila kuangalia nyuma, kuku nikabaki naye.

Jioni mke wangu alipigiwa simu. Alisikiliza, akacheka hadi akakaa sakafuni.

"Mama anasema umpe makanga kuku, amletee."