Nabii Isa: kapandishwa cheo au kashushwa?

Kwenye kijiwe cha kahawa jirani na Soko la Majengo, hapa Dodoma, kijana wa kidato cha pili aliwaamkia wazee, akapokea kikombe chake, kisha akatoa swali alilotoka nalo shuleni: "Kwani Nabii Isa na Yesu ni mtu mmoja au wawili?"

Ustadh, Mrangi wa Kondoa, alimjibu bila hata kugeuza shingo. "Ni yuleyule, mwanangu. Ila shemeji yangu huyu na wenzake wamempandisha cheo."

Shemeji mwenyewe ni mwinjilisti wa Kianglikana, Mgogo wa Mvumi. Dada yake ameolewa na mdogo wake Ustadh. Akaweka kashata chini. "Hatukumpandisha sisi, Shemeji. Ninyi ndio mmemshusha."

Kijiwe kizima kikacheka. Tangu serikali ihamie huku, mji umejaa watumishi, na habari ya nani kateuliwa na nani katenguliwa ndiyo inayonywewa kahawa. Nami nilicheka. Ila kauli ile nimetembea nayo wiki nzima, na kadiri ninavyoigeuza ndivyo ninavyoona kwamba inawapotosha wote wawili. Ukisema Waislamu wamemshusha, umeshachukulia kwamba walianza na Yesu wa Injili nne, wakampunguza hapa na pale. Ukisema Wakristo wamempandisha, umechukulia kwamba walikuwa na mwalimu wa Galilaya, wakakaa kikao, wakampa uungu. Hakuna upande unaojitambua katika maelezo hayo.

Kwanza swali la kijana. Ni mtu mmoja. Kurani inamtaja Isa kwa jina mara 25 na inamwita Masihi. Mama yake, Maryamu, ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Kitabu kizima, na Sura ya 19 imepewa jina lake. Amezaliwa bila baba. Ameponya vipofu na wenye ukoma, amefufua wafu. Muislamu akimkana Isa hana Uislamu tena, maana kuwaamini mitume wote ni nguzo ya imani. Ndiyo maana hapa Dodoma ukisikia mtu anaitwa Mariamu hujajua bado kama ni wa msikitini au wa kanisani, na sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967.

Lakini mtu kuwa mmoja hakufanyi masimulizi kuwa mamoja. Katika Luka kuna hori ya kulia ng'ombe. Katika Sura ya 19 kuna mtende, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu peke yake akitamani angekufa kabla ya siku ile. Kurani ina Isa anayefinyanga ndege wa udongo, akampulizia, akaruka kwa idhini ya Mungu. Mwinjilisti atakwambia upesi kwamba hadithi ya ndege imo katika maandiko ya utoto wa Yesu ambayo kanisa halikuyapokea, na ni kweli, ipo inayofanana nayo katika andiko linalohusishwa na Tomaso. Ustadh naye atauliza tangu lini kanisa limekuwa mwamuzi wa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa mitume wake. Hapo hakuna wa kumshinda mwenzake, tuendelee.

Turudi kwenye cheo. Katika Sura hiyohiyo ya 19, Maryamu anarudi kwa watu wake amembeba mtoto, nao wanamvaa kwa maneno. Ameweka nadhiri ya kutosema na mtu, kwa hiyo anamwashiria tu mtoto. Wanastaajabu: tutasemaje na mchanga aliye bado kwenye mlezi? Mtoto anafungua kinywa, na la kwanza analolisema ni kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu. Kisha ndipo anasema amepewa Kitabu na kufanywa nabii. Mpangilio huo si wa bahati. Uja unatangulia unabii. Sura ya 17 inapofungua habari ya safari ya usiku, Muhammad naye haitwi mfalme wala bwana, anaitwa mja. Kwa Muislamu, hicho ndicho kilele cha mwanadamu, hakuna ngazi iliyobaki juu yake isipokuwa ya Mungu mwenyewe, ambayo haina mwombaji. Kumwita Isa mja, basi, ni kumweka pale juu kabisa wanapoweza kufika walioumbwa.

Sasa msikilize Paulo akiwaandikia Wafilipi, sura ya 2: Kristo "akatwaa namna ya mtumwa". Neno ni karibu lilelile! Na Kiswahili kinatuonyesha kitu ambacho huenda wahubiri wetu hawakisemi, kwamba *mtume* na *mtumwa* yametoka tumbo moja, kitenzi *kutuma*. Tofauti iko kwenye mwelekeo. Kwa Ustadh, Isa ameanza akiwa mja na heshima yake yote imo humo. Kwa Mwinjilisti, aliyekuwa sawa na Mungu ameshuka mpaka utumwani, tena mpaka msalabani. Kwa hiyo tukitaka ukali wa maneno, anayemshusha Yesu ni Mkristo, na kwake kushuka huko ndiyo Injili yenyewe.

Maneno kufanana huku kumewafanya watu wachokoze hoja dhaifu. Sura ya 4, aya ya 171, inamwita Isa neno la Mungu alilompelekea Maryamu, na roho itokayo kwake. Nimewasikia wahubiri wa Kikristo wakiishika aya hiyo kama hati ya kiwanja: mnaona, Kurani yenu inakiri, maana Yohana ameandika "naye Neno alikuwa Mungu". Hawaendelei kusoma. Aya hiyohiyo inaonya watu wa Kitabu wasipindukie mpaka katika dini yao na wasiseme "watatu". Neno hapo linaeleweka kwa aya nyingine, Sura ya 3, aya ya 59: mfano wa Isa mbele ya Mungu ni kama wa Adamu, aliambiwa "kuwa" akawa. Ni neno lililomuumba. Yohana anazungumzia Neno lililoumba. Vivyo hivyo wanaochekelea kwamba Kurani imemchanganya Maryamu kwa kumwita "dada wa Harun". Wakristo wa Najran, kusini mwa Uarabuni, waliuliza hilo zamani, na hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, ina jibu: watu wale walikuwa wakiitana kwa majina ya mitume na wema waliowatangulia. Tena Luka mwenyewe anasema Elisabeti, jamaa yake Mariamu, alikuwa wa uzao wa Haruni.

Upande wa pili nao una hati zake bandia. Ile inayoitwa Injili ya Barnaba bado inapita mikononi mwa watu kama ushahidi kwamba Yesu alimtabiri Muhammad kwa jina. Nakala zake zinazojulikana ni za Kitaliano na Kihispania, si za kale, na ndani yake yubile, mwaka mtakatifu wa maachilio, inakuja kila baada ya miaka 100, wakati Torati inasema 50. Papa Bonifasi VIII ndiye aliyeanzisha hesabu ya 100, mwaka 1300. Muislamu anayeijua dini yake haihitaji.

Penye uzito ni msalaba, na pale kijiweni tulipapita mbio. Sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Mafaqihi na wafasiri wengi wameelewa kwamba sura ya Isa ilitiwa kwa mtu mwingine, naye Isa akanyanyuliwa. Nani alikuwa huyo mwingine, wamehitilafiana.

Kwa mizani ya mwanahistoria, Mwinjilisti ana mkono mzito hapa, na sioni haja ya kuficha. Injili zote nne, barua za Paulo zilizozitangulia, na Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Hata wasomi wasio na dini wanalihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa yenye uhakika zaidi katika maisha ya Yesu. Jibu la Ustadh, nikilipima kwa haki, si la mtu aliyebanwa kwenye kona: aya yenyewe imekubali kwamba walioshuhudia waliona usulubisho. Mwanahistoria anahesabu walichoona watu. Wahyi unadai kusema kilichokuwa nyuma ya kuona huko. Unaweza kuukataa wahyi, ila huwezi kuukanusha kwa kuongeza idadi ya walioona.

Hoja ya Waislamu ninayoiona nyepesi ni ile ya kwamba Mungu hawezi kumwacha mtume wake auawe kwa aibu. Kurani yenyewe, Sura ya 2, inasema mara zaidi ya moja kwamba manabii waliuawa bila haki. Sababu yenye nguvu iko kwingine. Katika Uislamu Adamu alitubu, akasamehewa, kesi ikaisha. Na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Basi hata msalaba ungethibitishwa kesho asubuhi, ndani ya Uislamu usingekuwa na kazi ya kufanya. Kwa Mkristo ni kinyume kabisa: Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwao ni bure na imani yao ni bure. Mmoja akiutoa msalaba nyumba inabaki imesimama. Mwingine akiutoa, hata msingi hauonekani. Ndiyo maana huwa nashangaa tukiuita ugomvi huu "tofauti ndogo".

Mizani inaegemea upande wa pili tukifika kwenye Utatu. Ustadh ana haki kuuliza ni wapi Yesu alisimama akasema maneno ya Nikea, kikao cha maaskofu kilichotamka kwamba Mwana ni Mungu kweli. Hakuna. Yapo haya ya Marko 10:18, "Kwa nini kuniita mwema?", na Marko 13:32, kwamba siku ile hata Mwana haijui. Wanateolojia wamehangaika nayo kwa karne nyingi. Lakini aliyezoea kusema Yesu alipigiwa kura akawa Mungu mwaka 325 naye arudi nyuma kidogo. Barua kwa Wafilipi iliandikwa katika karne ya 1, miaka zaidi ya 200 kabla ya kikao hicho, na tayari ina kila goti linalopigwa kwa jina la Yesu. Nikea iligombania maneno ya kueleza ibada iliyokwishakuwepo.

Wala tusidhani Waislamu wana sauti moja katika yote. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili aliitoa mmisionari, Godfrey Dale, mwaka 1923, na Waislamu wengi hawakumwamini. Mwaka 1953 ikaja ya Waahmadiya, jumuiya iliyoanzia India, wanaoshikilia kwamba Isa aliokoka msalabani, akaishi, akafa kifo cha kawaida, na kaburi lake liko Kashmir. Mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatoa yake, akiwajibu Waahmadiya katika maelezo yake. Sehemu kubwa ya mvutano imekaa kwenye tamko moja la Sura ya 3, aya ya 55, *mutawaffika*: ni kufisha, au ni kuchukua kwa ukamilifu? Mzizi huohuo Kurani imeutumia kwa usingizi pia. Wasunni walio wengi wanasema Isa yu hai na atarudi kabla ya Kiyama. Mkristo naye anamngoja. Wanamngoja mtu mmoja kwa ratiba mbili.

Je, kusema "Yesu si Mungu" ni matusi? Swali hili nchini kwetu si la kijiweni tu. Miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya hadharani ya kulinganisha dini ilivuma, wahadhiri wa Kiislamu wakiwa na Biblia mkononi, na Februari 1998 mvutano uliotokana na mihadhara ukafika Mwembechai, Dar es Salaam, watu wakafa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamtia hatiani anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine. Kwangu, shina la jambo ni hilo kusudi. Muislamu akisema msikitini kwamba Isa si Mungu ametamka imani yake, kama Mkristo anavyotamka yake Jumapili, ambayo kwa Muislamu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Sentensi hiyohiyo ikielekezwa kwa kipaza sauti dirishani kwa kanisa siku ya Ijumaa Kuu ina kazi nyingine. Na mhubiri anayepita mtaani Ramadhani akitangaza kwamba Isa wa Kurani ni wa uongo, yumo humohumo.

Kijana alikuwa bado hajaondoka, kahawa yake imepoa. Ustadh akamsimulia habari ya Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha (Uhabeshi), aliyewapokea Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka, yapata mwaka 615. Wapokezi wa Kiislamu wanasimulia kwamba mfalme alitaka kujua wanasemaje juu ya Isa. Jaafar bin Abi Talib akajibu: ni mja wa Mungu na mtume wake, roho yake na neno lake alilompelekea Maryamu bikira. Najashi akainama, akaokota kijiti chini, akasema Isa hazidi hayo uliyoyasema hata kwa kijiti hiki.

"Na makamanda waliokizunguka kiti chake?" Ustadh akauliza, akimtazama shemeji yake kwa pembe ya jicho.

Mwinjilisti akaguna.

"Ehee," akasema Ustadh, akimsogezea sahani ya kashata. "Waliguna hivyohivyo."