Pamba ya Goba

Mama mkwe alipotangaza kuwa Idi atakula kwetu Goba, nikaapa atakuta uwanja wa kijani. Majirani hupandikiza ukoka wa vipande. Mimi, kwa vile nilikesha kwenye intaneti usiku mmoja, nikaenda duka la pembejeo kununua mbegu.

Muuzaji akaniambia gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Uwanja wenyewe mita za mraba 40, kwa hiyo gramu 400 zinatosha na kubaki. Nikaona huyu ananipimia kama dawa ya kikohozi. Nikabeba kilo mbili, nikamwaga zote.

Siku ya nane zikachomoza, laini kama nywele za kichanga. Picha 16 zikapanda status. Kuanzia hapo usingizi ukaniruka: saa tatu usiku namwagilia, saa sita namwagilia tena, taulo kiunoni. Urea nikawa natupia kama nalisha kuku. Mke wangu akachungulia dirishani: "Baba Zai, hayo majani umeyaoa?"

Asubuhi ya siku ya 12 nikakuta pamba. Nyuzi nyeupe zimetanda juu ya umande, chini yake miche imelala chali kwa mabaka. Nikajua tu. Juzi jirani si aliuliza, "Mbona ukoka wako unang'aa hivyo?" Nikachukua chumvi ya mawe, kilo tatu, nikazunguka uwanja mzima nikinyunyiza na dua juu.

Bwana shamba alifika mchana. Akang'oa mche mmoja, akanionyesha shina lilivyonywea pale linapotokea udongoni, jembamba kama uzi. "Kinyausi hiki. Fangasi. Umebananisha mbegu, hewa haipiti. Maji unayatia usiku, yanalala hapo mpaka asubuhi. Mwagilia alfajiri, jua likaushe majani. Na urea hii yote ya nini? Inalainisha miche, fangasi wanatafuna kama mchicha." Akainama tena, akaokota kitu. "Na huu weupe mgumu?"

"Chumvi."

Akafunga daftari. "Kinyausi ningekusaidia."

Siku ya Idi nikatandika mkeka mkubwa kuliko yote ndani, juu ya pale peupe. Mama mkwe akala pilau, akashiba, akajiegemeza kwa mkono nje ya ukingo wa mkeka. Akautazama mkono. Akaonja kidole.

"Baba Zai, hapa mlikuwa mnaanika papa?"